Kumpeleka Mtoto kwa Mtumbwi Kwenye Mikoko ya Chwaka: Siku Mbili na Usiku Mmoja

Kila likizo ya skuli ikikaribia maswali ni yale yale. Mtoto awe na umri gani? Tuchukue mtumbwi au ngalawa? Tutalala wapi? Maji yakipwa tukiwa ndani, tutatokaje? Nimeyajibu barazani na nimeyajibu kwa simu, na sasa nayaandika pahala pamoja ili mzazi aliye tayari aende kwa salama, na ambaye bado hajawa tayari alijue hilo akiwa nyumbani, si katikati ya ghuba.

Safari ninayoieleza ni hii: mnaondoka Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, mnaingia mkono wa bahari wa Mapopwe ambao ndio mkubwa kuliko yote inayokata mikoko ile, mnatoka na kuambaa hadi Michamvi upande wa Kae, mnalala, na asubuhi ya pili mnavuka ghuba kurudi Chwaka. Mikoko hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Si matembezi ya pwani. Mikono itauma, jua litawachoma, matope yatafika magotini, na usiku mbu watawatafuta. Lakini mtoto anayerudi amepiga kafi mwenyewe kutoka Michamvi mpaka Chwaka ana kitu ambacho hakuna mtu wa kumnyang'anya, na ndiyo maana nahangaika kuandika yote haya.

Kwanza maji, kwa ufupi

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa mwendo wa saa nne. Tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo usiende na mtoto. Mkondo unavuta kwa nguvu, na maji yakishatoka ghuba yote inageuka mchanga, nyasi na matope.

Siku zetu ni za maji mafu, tarehe 6 hadi 9, na tena tarehe 21 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, mkondo ni mpole, na maji hujaa baina ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Yaani mnaingia mikokoni yakijaa, mnatoka yakianza kupwa, na yote yanafanyika mchana. Hesabu ya mwezi inakupa wiki ya kwenda. Dakika zenyewe zitazame kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka huo, kisha muulize mvuvi wa Chwaka, kwa sababu ndani ya ghuba maji huchelewa kidogo kuliko jedwali.

Upepo na msimu

Ghuba ya Chwaka imefunguka upande wa kaskazini mashariki. Kaskazi ikivuma, khasa Disemba hadi Februari, mawimbi yanaingia ndani na kukupiga ubavuni unapovuka. Kusi ikivuma, ghuba inaonekana tulivu kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika: ule upepo unakusukuma nje, kuelekea mwambani. Na mtoto anachoka kabla yako.

Msimu mzuri ni baina ya pepo hizo mbili, Oktoba na Novemba, siku za matlai, upepo wa mashariki. Kama skuli haikuruhusu ila Disemba au Juni, basi ondokeni asubuhi sana na mvuke kabla ya adhuhuri. Masika msiende kabisa.

Tazama utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku moja kabla, na uutazame tena alfajiri ya safari. Kisha simama pwani Chwaka utazame kwa macho. Ukiona mawimbi yanavunja povu jeupe katikati ya ghuba, safari imeahirishwa. Usimuulize mtoto anaonaje, kwa sababu mtoto aliyeamka alfajiri na begi mgongoni atasema twende.

Mtoto gani anaweza

Umri peke yake haunitoshi, ila chini ya miaka 8 simshauri mzazi yeyote. Nataka mtoto anayeweza mambo manne: kuelea na jaketi dakika 10 bila kulia, kukaa kitako pahala pamoja saa nzima, kutii neno moja kwa mara ya kwanza, na kusema kweli akiwa na kiu au haja. La tatu ndilo kubwa. Neno la mtumbwini ni "Kaa!" na akilisikia anakaa, bila ya "kwa nini, baba". Kama nyumbani bado unamwita mara tatu, anza na hilo.

Kabla ya yote mpeleke akaione mikoko kwa miguu. Pete, karibu na Jozani, kuna njia ya mbao inayopita juu ya matope. Mwonyeshe mizizi ya mkoko na chaza walioshikamana nayo, aguse kingo za chaza kwa kidole polepole. Akishajua zinavyokata, hutamwambia tena asirukie nje ya mtumbwi.

Vitu vya kuwa navyo

- Mtumbwi au ngalawa, pamoja na mwenyeji. Kwa safari ya kwanza nakutaka uchukue ngalawa, kwa sababu mirengu yake ya pande mbili inaizuia isipinduke kirahisi. Mtumbwi mtupu ni mwepesi na unapita pembamba, lakini unayumba kila mtoto akigeuka. Chombo chochote uchukuacho, mvuvi mwenyeji awe na cha kwake kando yenu.
- Makafi matatu: lako, la mtoto, na la akiba. La mtoto liwe jepesi na lisipite kidevu chake akisimama.
- Pondo moja ndefu, yaani mti wa kusukumia chombo kwenye maji mafupi. Iazime au ikodi kijijini. Usikate mti hifadhini, ni kosa.
- Jaketi la uokozi kwa kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda masikioni ni kubwa mno.
- Kopo la kukumba maji, nalo ni dumu la lita 5 lililokatwa mdomo, limefungwa kamba kwenye mtumbwi. Lisilofungwa huelea na kwenda zake siku unapolihitaji.
- Nanga ndogo na kamba ya mita 15 au zaidi.
- Maji ya kunywa: lita 4 za mtu mzima na lita 3 za mtoto kwa kila siku, kwenye madumu madogo kadhaa. Dumu moja kubwa likitoboka mmekosa yote.
- Chakula kisichohitaji moto: tende, mkate wa kumimina, mihogo ya kuchemsha, ndizi, mayai ya kuchemsha. Karanga kwa mfuko wa mtoto. Cha usiku mtakipata Michamvi.
- Viatu vya kufunga, vyenye soli ngumu. Kandambili zitabaki matopeni.
- Kofia pana, shati la mikono mirefu, mafuta ya jua, kanga mbili na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.
- Chandarua na dawa ya kupaka ya mbu.
- Filimbi mbili, moja shingoni mwa mtoto.
- Tochi, simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingia maji, na benki ya umeme.
- Dawa ya kusafishia vidonda, bendeji, kibano, na chumvi za kuongeza maji mwilini.

Kanga nimeziandika mbili makusudi. Moja ni kivuli mtoto akilala mtumbwini, ya pili ni ya kumfunika akitoka majini. Mtoto akilowa na upepo ukimpiga hutetemeka hata mchana wa jua kali.

Hatua kwa hatua

1. Pata ruhusa. Nenda ofisi ya hifadhi, Jozani, ueleze unataka kuingia Mapopwe kwa chombo, siku gani na na nani, na ulipie kiingilio. Kisha mwone sheha wa Chwaka, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, na umpigie au umtumie salamu sheha wa Michamvi kwamba utalala kwake. Usidhani hii ni desturi tu ya adabu. Sheha akijua mko njiani, usipofika kuna mtu wa kuuliza mko wapi.

2. Mtafute mwenyeji na ukubaliane naye mapema. Ulizia mvuvi anayekwenda Mapopwe kila wiki, si yule mwenye boti ya kupeleka wageni kwenye mchanga. Kubalianeni bei, chakula chake, na muda. Mwambie wazi kwamba akisema turudi, mtarudi. Mwenyeji mzuri atakuuliza kuhusu mtoto kabla ya kuuliza kuhusu pesa.

3. Fanyeni mazoezi ya kupinduka. Wiki moja kabla, pwani, maji yakiwa kifuani mwako. Wote na majaketi. Upindue mtumbwi makusudi. Mfundishe mtoto mambo matatu kwa mpangilio: kwanza shika mtumbwi, pili piga filimbi, tatu mtazame baba au mama. Usimfunze kuogelea kwenda pwani, kwa sababu mtumbwi uliopinduka unaelea na unaonekana kwa mbali, na kichwa cha mtoto hakionekani. Rudieni mpaka acheke badala ya kushtuka. Kamwe usimfunge mtoto kwa kamba kwenye chombo.

4. Mfundishe kafi akiwa nchi kavu. Mkono mmoja juu kabisa, kwenye kichwa cha kafi, na mwingine chini karibu na bapa. Bapa liingie lote majini, karibu na ubavu wa mtumbwi, livutwe mpaka usawa wa kiuno, litoke. Kosa la watoto wote ni kuvuta mpaka nyuma ya mgongo, na hapo kafi linanyanyua maji badala ya kusukuma chombo. Wewe kaa tezi, yaani nyuma, ushike mwelekeo, yeye akae omo, yaani mbele. Yeye ndiye anayeweka mwendo, na wewe unamfuata. Ukimkimbiza atachoka katika nusu saa.

5. Pakieni usiku. Mizigo mizito katikati na chini kabisa, maji ya kunywa pahala mkono unafika. Mkishaingia nyote na mizigo, ubavu wa mtumbwi ubaki angalau shubiri moja juu ya maji. Ukiwa chini ya hapo, punguza mizigo. Msifike Chwaka asubuhi mnaanza kutafuta kamba.

Kagua chombo siku hiyo hiyo. Mtumbwi wa mwembe uliokaa juani hupasuka nyufa nyembamba, na ukirudi majini hujaa polepole bila mtu kuona. Mwombe mwenyewe autie majini masaa kadhaa kabla, na nyufa kubwa zizibwe kwa kalafati mbele yako.

6. Ondokeni masaa matatu kabla ya maji kujaa. Kama yanajaa saa nne na nusu, muwe mmeshaingia chomboni saa moja na nusu. Mwachie mtu aliyebaki pwani maneno haya: tumeondoka saa fulani, tutafika Michamvi kabla ya saa kumi jioni, usipotusikia saa hiyo mpigie mwenyeji wetu, kisha sheha. Mpe na namba zote zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi.

Muambae pwani kuelekea kusini. Angalieni vigingi vya mwani, madema na nyuzio za kuvulia. Maji yakiwa juu ncha za vigingi huwa shubiri chini ya uso wa maji, na kamba za mwani hushika pondo na mirengu. Ni mali za watu, nyingi za kina mama. Zungukeni, hata kama ni mbali.

7. Ingieni Mapopwe na maji yanayojaa. Hapa kazi inapungua, kwa sababu maji yanawabeba. Mpe mtoto kazi ya kusoma maji. Tunda la mkoko ni refu, la kijani, lenye ncha, na likianguka huelea. Achague moja na alitazame. Likiwatangulia kwenda ndani, maji bado yanajaa. Likisimama pahala pamoja, maji yamesimama. Likianza kurudi kule mlikotoka, mmeshachelewa kugeuka. Mtoto mwenye kazi hii hataboreka, na atakwambia kabla hujaangalia saa.

Mwonyeshe na miti: mkoko wenye mizizi ya matao, mlilana unaosimama mbele ya bahari, mchu wenye mizizi ya kuchomoza kama penseli matopeni, mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo. Nyamazeni kidogo na mnaweza kumsikia kima punju akiruka matawini, kwani wa Jozani hutoka msituni wakafika mikokoni.

Kila mnapofika njia panda ya maji, simameni, mgeuke, mtazame nyuma. Njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Mtoto achague alama: tawi lililovunjika, mkomafi mmoja, kona yenye kichanga. Mwandikie kwenye daftari kama anapenda. Msiingie tawi la maji ambalo pondo ikilazwa juu yake inagusa mikoko ya pande zote mbili. Hilo hupwa kwanza.

8. Geukeni nusu saa kabla ya maji kujaa. Narudia: kabla, si baada. Haidhuru mmefika wapi. Mtaomba dakika 10 zaidi kwa sababu mtoto ameona kaa mkubwa, na dakika hizo ndizo hugharimu saa tano matopeni. Mkigeuka mapema mtapiga kafi kidogo dhidi ya maji, kisha maji yatasimama, kisha yatawachukua nje.

9. Mdomoni mwa Mapopwe, simameni mpige shauri. Tieni nanga. Kuleni tende, mnywe maji, mkojoe. Tazama upepo, na mtazame mtoto. Mtoto akichoka hasemi amechoka. Kafi lake huanza kugusa maji juu juu, kisha hulishika kwa mkono mmoja, kisha hukuuliza swali lile lile mara mbili. Ukiona hayo, rudini Chwaka siku hiyo hiyo, na safari hiyo ni safari kamili. Michamvi haiendi pahala.

Kama upepo ni mdogo na mtoto yuko sawa, fuateni ukingo wa mikoko upande wa Ukongoroni na Charawe, kisha mpande na pwani kuelekea Michamvi. Usikate katikati ya ghuba mchana, hata kama mwenyeji anasema ni karibu. Kwa mzazi na mtoto hesabu kilomita 2 hadi 3 kwa saa, na katikati ya kila saa pumziko la dakika 10.

10. Michamvi. Maji yatakuwa yanapwa, kwa hiyo mtatia nanga mbali kidogo na kutembea. Vaeni viatu, mburute miguu mchangani badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia ashtuke na kukimbia kabla hamjamkanyaga. Vaeni nguo za heshima kabla ya kuingia kijijini, na kwanza kabisa mpeni salamu sheha.

Laleni kwenye nyumba ya kijiji mkipata. Kama ni hema, mtafute ule mstari wa majani makavu ya mwani na vijiti ulioachwa na bamvua, mkalale juu yake, si chini. Chandarua kabla ya magharibi, kwa sababu usubi na mbu huanza hapo. Piga simu Chwaka useme mmefika.

Usiku mkague mtoto mwili mzima kwa tochi: nyayo, katikati ya vidole vya mikono, shingo, nyuma ya magoti. Malengelenge ya kafi yafungwe bendeji usiku huo, kwani asubuhi yatakuwa yamepasuka.

11. Kurudi. Siku ya pili maji yatajaa dakika 50 au zaidi baadaye kuliko jana. Ondokeni saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, yakiwa yanajaa, upepo haujaamka. Hii ndiyo sehemu ya pekee mnayovuka ghuba wazi, na ndiyo sababu imewekwa asubuhi ya pili, baada ya mtoto kujua chombo. Mwenyeji awe upande unakotoka upepo. Chagueni alama moja upande wa Chwaka, mtoto aielekezee omo, na wewe tezi unarekebisha kidogo kidogo. Mkifika katikati mwambie amefika katikati. Watoto wanapenda kujua.

Likitokea hili, fanyeni hivi

*Mmepwelewa.* Mtumbwi umekaa matopeni na maji yamekwenda. Kaeni ndani. Watu huumia wanapojaribu kuburuta chombo: wanazama, wanajikata kwa chaza, wanamaliza nguvu na maji ya kunywa. Tandazeni kanga iwe kivuli, mpige simu kama kuna mtandao, mhesabu. Maji yakifika chini kabisa, ngoja tena muda karibu sawa na ule uliopita tangu mlipokwama, ndipo chombo kianze kuelea. Mgawe maji ya kunywa kwa saa hizo zote tangu mwanzo.

*Mguu umezama matopeni.* Usiuvute kwa nguvu. Kaa kitako au ulalie ubavu wa mtumbwi, uchezeshe kisigino mpaka maji yaingie pembeni, utoe mguu polepole ukiwa umekunja vidole kuzuia kiatu.

*Hamjui mlipo mikokoni.* Simameni na mtie nanga. Kama maji yanapwa, yanakokwenda ndiko bahari iliko, yafuateni. Kama yanajaa, subirini au mwende kinyume nayo. Pigeni filimbi mara tatu, mnyamaze, msikilize, mrudie.

*Kafi limeanguka.* Ndiyo kazi ya kafi la tatu. Usigeuke kwa ghafla kulifuata. Acheni liende, mwenyeji atalichukua.

*Upepo umegeuka katikati ya ghuba.* Pigeni magoti ndani ya mtumbwi, chini kabisa, mshushe uzito. Elekezeni omo kwenye wimbi kwa mshazari, msilipe ubavu. Msing'ang'anie Chwaka, bali mwende pwani yoyote iliyo karibu, na mtatembea au kupanda gari. Mkisukumwa kuelekea mwambani na nguvu zimekwisha, tieni nanga hapo hapo mkiwa bado kwenye maji mafupi, mpige 112, na mwambie mtu wa pwani awaite KMKM, kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari.

*Maji yanaingia kuliko mnavyokumba.* Mtoto akumbe, wewe upige kafi kuelekea maji mafupi. Ukipata ufa, sindilia kitambaa cha kanga kwa ncha ya kisu.

*Mtoto amejikata na chaza.* Vidonda vya chaza huoza upesi. Osha kwa maji safi ya kunywa mengi, toa vipande vya gamba kwa kibano, tia dawa, funga. Kikiwa kirefu au kinavimba kesho yake, mpeleke kituo cha afya, usingoje mpaka mrudi mjini.

*Konyeza amemchoma.* Osha kwa maji ya bahari, usisugue, toa nyuzi kwa kibano. Akianza kupumua kwa shida, ni hospitali moja kwa moja.

*Mtoto hakojoi tangu asubuhi, kichwa kinamuuma.* Ni jua na kiu. Kivuli, chumvi za kuongeza maji kidogo kidogo, kitambaa chenye maji shingoni. Akitapika au akiongea ovyo, safari imekwisha hapo mlipo, tafuteni gari.

*Mtoto analia anataka kurudi.* Usimkaripie na usimwambie mwenzake fulani hakulia. Simamisha mtumbwi, mpe tende, muulize kitu kimoja tu: ni woga, ni maumivu, au ni kuchoka? Woga mara nyingi huisha akipewa kopo akumbe maji au akikaa karibu nawe. Maumivu yatazame. Kuchoka hakuna dawa ila kupumzika, kwa hiyo mweke chini ya kanga alale, wewe na mwenyeji mviunganishe vyombo vyenu kwa kamba, mwende polepole. Akiamka mrudishie kafi lake, kama analitaka.